Usije Kabla ya Saa Kumi

Kufika saa sita mchana, Marvin alikuwa ameshamwonyesha mzee Osewe jengo la Bunge mara mbili. Mara ya kwanza walilitazama kutoka barabara kuu, mara ya pili wakalizunguka, na mzee hakuuliza kwa nini. Alisimama tu, kofia mkononi, akalitazama upya kana kwamba hajawahi kuliona.

Nyayo zilikuwa zinawaka moto. Walitoka Kawangware saa mbili asubuhi, kwa miguu, wakapitia Hurlingham hadi mjini, na bado zilibaki saa nne za kupitisha.

Ilikuwa siku ya mwisho ya safari ya mzee. Alikuja kutoka Siaya kutibiwa macho, akakaa wiki mbili kwa Marvin, mtoto wa marehemu ndugu yake, na basi la kumrudisha lilikuwa la jioni. Lakini alfajiri anti Nereah, dada ya mzee, alimpigia Marvin simu kutoka kwake Kianda, Kibera, sauti imemkauka. Mke wa mzee, Mama Dalmas, alikuwa amefariki usiku.

"Usimwambie," anti alisema. "Habari kama hii mtu haambiwi akiwa peke yake, wala kwa simu. Wewe mtembeze, mwonyeshe mji. Saa kumi umlete kwangu, watu wa kanisa watakuwa wamefika, na kuna mtu anatoka nyumbani na basi ya asubuhi. Usije kabla ya saa kumi. Na hizo simu, Marvin, zima zote."

Marvin akaomba ruhusa kwa mjengo, foreman akamtukana vizuri, kisha akazima simu. Ya mzee akaiacha kwa fundi eti ikachajiwe. Tangu hapo akabaki na kazi moja tu, mzee asijue kitu mpaka afikishwe kwa watu wake. Kazi gani hiyo. Afadhali kubeba mawe.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Mama Dalmas alimlea. Boma lao na la mama yake Marvin yalitenganishwa na ua tu, na wanawake hao wawili waliazimana chumvi tangu yeye hajazaliwa. Alitamani kumpigia mama yake, amsikie anavyoendelea na huo msiba, lakini ahadi ni ahadi.

Pale chini ya jumba refu la KICC mzee aliinua kichwa mpaka kofia ikataka kuanguka. "Mama yako ulishamleta hapa?"

"Bado, baba. Nilimwambia Desemba."

Mzee alikohoa. "Si neno. Hata mimi Mama Dalmas sijamleta Nairobi."

Marvin akageukia upande wa pili, akajifanya anafuta jasho. Roho ilimuuma vibaya sana.

Kwenye kibanda karibu na stesheni, mzee aliagiza chapati madondo, sahani moja ya maharagwe, akaisukuma kwa Marvin.

"Kula."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba kutazama."

Marvin alikula kwa aibu, maana wa kutiwa nguvu alikuwa yule aliyeketi mbele yake. Mzee akamwongezea chapati nyingine, akamngojea mpaka akafuta sahani. Mzee wa watu, laiti angejua.

Saa nane ilipopita Marvin alipendekeza wapumzike kidogo. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa unaburuzika tangu Upper Hill. Lakini mzee akakataa katakata.

"Nani amechoka? Nataka kuona zile nyumba serikali ilijenga kule Kibera. Twende polepole."

Ikawa hivyo njia nzima. Kila Marvin alipoishiwa na la kuonyesha, mzee mwenyewe alipata la kutazama: mara daraja, mara msikiti, mara mtu anayeuza viatu vya mtumba. Hakuulizia simu yake hata mara moja. Marvin alishukuru Mungu kwa hilo.

Soweto East walisimama chini ya maghorofa, nguo zimeanikwa kila baraza. Mzee aliuliza kodi ikoje na maji yanatoka siku ngapi, na majibu hayakuonekana kumwingia. Kisha akamshika Marvin mkono, kama wazee wanavyoshikana wakitoka kanisani, wakaanza kupanda kuelekea Kianda. Marvin akamwachia mkono wake. Alidhani ni uchovu.

"Umekuwa mtoto mzuri," mzee alisema. "Kila mtu nyumbani anajua hivyo."

 Marvin alijiona mwongo mkubwa kuliko wote Nairobi.

Saa kumi na dakika tano waliingia kwenye ploti ya anti Nereah. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Ndani watu walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, na waliposikia hatua wakanyamaza.

"Tangulia, baba," Marvin alisema.

"Hapana. Ingia wewe kwanza."

Akaingia. Watu wote walisimama. Kiti kimoja kilikuwa kimeachwa wazi katikati ya chumba, na Marvin akageuka ili amwonyeshe mzee, lakini mzee alikuwa ameshafunga mlango na kuuegemea.

Karibu na dirisha mwanamke mmoja aliinuka, leso kiunoni, macho mekundu, mkoba wa safari bado begani. Alikuwa Mama Dalmas mwenyewe, mzima. Alimpita mumewe bila kumtazama, akamjia Marvin na kumshika mabega.

"Keti, mwanangu," alimwambia. "Mama yako nilikuwa naye mpaka mwisho."