Sahani Zisizo na Mwenyewe

Bi Tabitha alikuwa amemaliza kufuta ngao yenye nembo ya ukoo kwenye mlango wa gari la farasi la Mama Fenwick, ambaye mumewe alizikwa Jumanne, alipoitwa mbio kwa Bwana Ambrose Wyndle. Mahali pa ngao alikuwa ameshachora umbo la pembe nne, kama kashata. London ndivyo ilivyokuwa: ngao ni ya mume, na mume akifa huondoka nayo; nembo zao huhamia ndani ya pembe nne za mjane. Akaacha brashi, akaenda na rangi vidoleni.

Alimkuta mzee Ambrose mezani, kijiko mkononi, macho meupe kwa mtoto wa jicho. Mbele yake bakuli la supu. Kando yake sanduku lililojaa sahani za China.

"Kitendawili!" alisema Bi Tabitha. Ndiyo ilikuwa salamu yao tangu alipomchorea nembo kwenye gari lake.

"Tega, mama wa rangi, ingawa leo roho inanidunda."

"Nyumba ina pembe nne, mume hayumo."

"Mjane huyo! Cha mwaka juzi hicho, umezeeka wewe." Akacheka, cheko likakatika. "Sikia. Sanduku hili limeachwa mlangoni kwangu juzi. Karatasi ya jina imelowa maji ya bahari, haisomeki. Watu wa ushuru wanakuja saa nane, na jirani yangu kafungwa kwa sanduku la wizi kama hili hili. Nami sioni, na mke wangu anasema hazijui! Nitafia jela, Tabitha. Nisomee nembo, niambie ni za nani."

"Nilimwambia tuzitupe mtoni," alisema Lettice, mkewe, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka thelathini. Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, uso umemsawijika. "Hakuna sahani, hakuna kesi. Kunywa supu, mpenzi, tumbo litulie."

"Tumbo lenyewe halishiki kitu tangu Pasaka," mzee alinung'unika.

Bi Tabitha akachukua sahani moja, akaitazama. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Umeona nini? Ni za mkubwa gani? Nimekwisha?"

Bi Tabitha akaiinua tena sahani. "Kushoto, upande wa mume, korongo watatu."

"Korongo watatu! Hao si wangu?"

"Kulia, upande wa mke, funguo mbili."

"Za baba yake Lettice!" Mzee akapiga meza kwa furaha. "Jela siendi! Lettice, mjanja wewe! Kuagiza China, kwenda na kurudi ni miaka miwili. Miaka miwili yote umenificha zawadi, na wanawake midomo huwa hamfungi!"

"Nilitaka... siku yake ifike kwanza," alisema Lettice. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Bi Tabitha, na mkono wake ulikuwa umeshika kisu cha mkate.

"Haya, mama wa rangi, umenyamaza nini? Wachina wamekushinda kazi?"

Bi Tabitha akaisogeza sahani mbele ya mzee. "Wamenishinda, Bwana. Rangi yao imeinuka, hata asiyeona anaisoma kwa kidole. Lete chako nikipitishe ukingoni."

Akamshika kidole, akakiweka juu ya mchoro. "Polepole, Bwana. Kama salamu yetu."

"Supu inapoa," alisema Lettice.

Kidole kikaufuata ukingo. Pembe. Pembe. Pembe. Mzee alikuwa bado anatabasamu kilipofika pembe ya nne, na kijiko kikamtoka mkononi.