Jiwe la Lengai Kwenye Maharage

Bernadetta alijisifu mbele ya shemeji yake kwamba uongo anaunusa kabla haujapiga hodi. Halafu akakubali kwamba kwa mumewe pua yake imekuwa na mafua miaka thelathini na minne. Ndiyo maana leo, uani kwake Igogo, alikuwa anachemsha jiwe.

"Hilo ni la Lengai," alisema Lwakatare, mumewe. "Nimelibeba kutoka kwenye mlima unaotema moto, nikuletee zawadi. Wewe unalipika!"

"Zawadi!" Bernadetta alikoroga maharage kama vile anamkoroga mtu. Miaka mitano alikuwa amemwomba mzee huyu waende wote wakautazame ule moto usiku, kabla hawajafa. Miaka mitano akajibiwa kwamba mlima ule si wa bibi mwenye magoti mabovu. Halafu mwezi uliopita mzee akaaga: anakwenda Lengai siku nne na wastaafu wenzake. Yeye akaambiwa akakae kwa binti yao Noela, Buhongwa.

Hasira ilianzia hapo, na ilikuwa haijapoa.

"Sharti langu nimeshalisema," alimwambia Kashaija, kaka mkubwa wa mumewe, aliyeitwa kuamua. "Atakayekutwa na uongo atapiga magoti Jumapili mbele ya ukoo wote. Awe mwanamume, awe mwanamke."

"Mwanamume apige magoti?" Kashaija alikuna kidevu. "Haya, nimekubali. Simulia, mdogo wangu. Uliona nini?"

Lwakatare akakohoa. "Moto, kaka! Uliruka juu, mwekundu, ukamulika nchi nzima. Ningekuwa na Biblia ningesoma."

"Mwongo!" Mwiko ulipiga ukingo wa sufuria. "Moto wa Lengai hauruki hivyo. Unachemka shimoni, mweusi kama oili chafu, na gizani unawaka kidogo tu, kama mkaa unaotaka kuzima. Na mbona husemi baridi? Kule juu meno yanagongana mpaka mtu anasahau sala!"

"Hayo umeyajulia wapi, shemeji?"

"Redioni." Bernadetta alivuta khanga, ikafunika vitambaa alivyofunga magotini. "Na jiwe la kule ni magadi matupu. Linatoka jeusi, baada ya siku chache limegeuka jeupe kama chokaa. Hili lake huu mwezi mzima, jeusi tii! Nimelichemsha na maharage tangu asubuhi. Kama ni la Lengai, yatakuwa yamelainika. Onja, shemeji."

Kashaija akatafuna. Mlio ulisikika mpaka kwa jirani.

"Changarawe," alisema.

Lwakatare akaangalia miguu yake. "Nililiokota Magu. Kando ya barabara."

"Magu kwa nani?"

"Kwa Paskazia. Yule muuza mchele."

Bernadetta alitaka kulia, akaona hapana, huyu mzee hastahili hata chozi la kitunguu. "Siku nne za mchele! Mimi unaninyima mlima, wewe unapanda Magu! Jumapili mkeka nitakutandikia mwenyewe, na ukoo wote utaona utosi wako."

"Umeshinda, shemeji," alisema Kashaija. "Mkeka mmoja Jumapili."

Mlango wa uani ukasukumwa. Noela akaingia, jasho la njia ya Buhongwa bado usoni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimefuata raba zangu. Ulikuja kuziazima kwa mazoezi ya kwaya, ukasema siku moja tu. Mwezi mzima sasa hujakanyaga kwangu!" Akainama, akazivuta kutoka nyuma ya pipa la maji. "Jamani, kwaya gani hii? Soli zimelika zote! Na huu unga mweupe je?"

Kashaija akachovya kidole kwenye ule unga, akaulamba, akasema mikeka iwe miwili.