Chura na Mvua Yake

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanamwamini kila mwenye sauti kubwa, Chura alijitangaza kuwa yeye ndiye mleta mvua. Akipiga kelele, mvua hunyesha, naye huletewa panzi wanono wa shukrani, akala bila haya.

Siku moja alipopiga kelele, ilikuja dhoruba. Upepo uling'oa mti wa Kima, na mvua ya mawe ikapasua mayai yote kumi na mawili ya Kanga. Kulipokucha, wawili hao walikuwa ukingoni mwa bwawa, Kima na fimbo mkononi.

"Bwana Mvua," aliita Kanga, "hebu toka tukushukuru."

Chura alitoka, akaiona fimbo. "Mama Kanga, mimi nilete mvua, kwa miguu hii? Ni jua! Likichoma siku tatu mfululizo, mvuke wa bwawa hupanda juu kwenye baridi, wingu likaumuka kama donge la maandazi, maji humo yakaganda kuwa mawe, kisha yote yakaporomoka pamoja na upepo. Mkono wangu haumo."

"Na wingu hilo uliliona lini?"

"Tangu adhuhuri," alijibu Chura, akijiona amepona.

"Adhuhuri! Ningekwisha kuyasogeza mayai yangu chini ya jabali. Ukanyamaza mpaka likafika utosini, ili useme umeliita wewe?"

Chura alijitupa majini, fimbo ikiwa imeshamfika mgongoni. Ndiyo maana siku hizi akihisi mvua tu hupayuka mapema, na hakuna anayempelekea hata nzi.