Kikohozi cha Mwajabu

Mke wangu Mwajabu alifariki Jumatatu asubuhi, na tangu siku hiyo binti yetu Tunu, wa miaka mitatu, hakulala tena mchana. Sheria inataka kila mtoto wa chekechea alelewe na mashine yenye sauti ya mama yake. Mimi nilikuwa na rekodi za miezi ya mwisho tu, Mwajabu alipokuwa akiumwa kifua.

Chekechea ya kwanza waliisafisha sauti, wakatoa kikohozi, ikawa nyororo. Tunu alikodoa macho mpaka nilipokwenda kumchukua.

Kwenye ya pili, Mwalimu Chausiku alinipokea kwa aibu. "Baba Tunu, utuwie radhi, kikohozi hatujakitoa. Tupe mpaka kesho."

"Mwalimu, hebu mtazame."

Mashine iliimba, ikakohoa mara mbili. Tunu alikuwa amelala, kidole mdomoni.

"Kiacheni," nikasema.

Dada yake Mwajabu alinicheka kwa uchungu. "Shemeji, shule zote hizi, umechagua inayokohoa?"

Sasa Tunu analala vizuri, hata nyumbani. Kabla ya kufumba macho hukohoa mara mbili. Daktari amempima kifua, hana ugonjwa wowote.