Kilima Kisicho na Kaburi

Hakuna aliyekuwa akilia.

Lusungu alishuka kwenye bodaboda, akakaza kanga kiunoni, akasimama palepale njiani. Rungwe msiba huusikia kabla hujauona. Tangu Mbeya alikuwa amejiandaa kupokewa na kilio cha mama zake, naye aangushe chake humohumo. Badala yake alisikia jembe likipiga udongo, na manyunyu ya Tukuyu juu ya majani ya migomba.

Mama yake alikuwa amempigia simu jana jioni. "Njoo, mwanangu. Kesho tunamzika baba yako. Fanya haraka." Simu ikakatika. Njia nzima Lusungu alijiuliza jambo moja: atauwahi uso wa baba, au atakuta wameshaufunika? Miezi minne hakuwa amefika nyumbani. Kila baba alipomwita, alijibu: mwisho wa mwezi, baba, shule zikifungwa, baba.

Uani majirani walikuwa wamejaa. Kilima kile kilikuwa na nyumba kumi na mbili, na hapakuwa na hata moja iliyobakiza mtu. Wanaume walipasua kuni, wanawake walimenya ndizi. Walipomwona, wakainamia kazi zao.

Mama Mwanaamina, mwenye duka pale kona, ndiye aliyemjia. Alimshika mikono yote miwili, lakini hakumpa pole.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nyumba yenu imetusitiri sote."

Lusungu alielewa, na kuelewa kukamchoma. Mwenye ardhi aliyewauzia viwanja alikuwa amekiuza kilima kilekile mara ya pili, kwa mwekezaji wa hoteli. Hati hakuna aliyekuwa nayo. Mwekezaji huyo haogopi mtu, haogopi kesi. Anaogopa makaburi tu. Penye kaburi hajengi, kwani mgeni gani atalipia kulala na wafu? Vilima vya jirani, vyenye wazee waliozikwa migombani, vilipona kwa sababu hiyo. Chao kilikuwa kipya. Watu walihamia kutoka Kisondela na Nkunga wakati mji unatanuka, na wafu wao waliwaacha huko. Miaka tisa sasa, kilima hakikuwa na kaburi hata moja.

"Wanakuja lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Na greda lao."

"Wasipoamini je?"

"Wafukue!" Mama Mwanaamina aliangaza huku na huku, akashusha sauti. "Kule bondeni watu walizika mgomba ndani ya jeneza. Vijana wa mwekezaji wakafukua. Walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wakabomoa nyumba saba. Sisi hatutachekwa."

Kumbe baba alikuwa amekufa kwa wakati. Lusungu alijaribu kuwachukia majirani, akashindwa. Walikuwa watu walewale waliompa nauli siku alipokwenda chuo.

Alikwenda nyuma ya nyumba. Jirani yao Yohane alikuwa ndani ya shimo, udongo ukimfika kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Unaonaje, kinatosha kina hiki?"

"Mbona kirefu hivi?"

"Mzee ndiye kataka. Anasema huku juu kuna baridi." Yohane alicheka, kisha akainama haraka. "Na hapa kapachagua mwenyewe, ili mtu akiwa barabarani aone."

"Baba na mipango yake," alisema Lusungu. "Mpaka mwisho."

 Yohane alirusha udongo, akarusha tena.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba, kama mlinzi. Alikuwa amekonda. Alimvuta binti yake kifuani, akamshikilia kwa muda mrefu.

"Nataka kumwona, mama."

"Kula kwanza."

"Nimwone kwanza."

"Ukishamwona hutaweza kula."

Lusungu alipiga magoti. "Ni kifua kilekile?"

"Kilekile. Wiki iliyopita daktari alisema labda mwezi mmoja, labda miwili."

"Madaktari hawajui kitu."

"Hawajui," alisema mama.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema utaacha watoto wa watu darasani, uje kukaa unamtazama tu. Lakini jana aligoma. Akasema pasifanyike chochote mpaka ufike."

Lusungu hakuuliza maana ya neno hilo. Wagonjwa husema mengi. Alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kikombe kilichofunikwa kisahani. Akakibeba kwa mikono miwili, taratibu, asije akamwagikiwa hata tone mkononi.

Uani shoka lilinyamaza. Lusungu aligeuka. Wote walikuwa wamesimama wakiwatazama, wanaume kofia mkononi, na hakuna aliyethubutu kuyakabili macho yake. Mama Mwanaamina alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Twende," alisema mama, akasukuma mlango kwa bega.

Chumbani pazia lilikuwa limeshushwa. Kulikuwa na harufu ya mbao mbichi. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili, wazi. Lusungu alilisogelea hatua kwa hatua, mkono mdomoni, akijikaza kwa ajili ya uso ule. Akachungulia.

Ndani mlikuwa na blanketi jipya, limekunjwa vizuri. Hamkuwa na kitu kingine.

"Ndaga, asante, mwanangu, umefika," ilisema sauti kutoka kitandani. Baba alikuwa ameketi, kavaa suti yake ya kanisani, kanyoa ndevu. Alimtazama binti yake mpaka akatosheka, kisha akamnyooshea mama mkono ampe kikombe.