Kichujio cha Chumba cha Mama

Kipande cha karatasi ya chooni kilianguka tena. Bwana Ngozi, aliyesimama juu ya kiti chenye miguu mitatu mizima na mmoja wa kubahatisha, alikitazama kikitua sakafuni. Akashusha pumzi, kisha akakumbuka kwamba humu chumbani kwa mama yake huwa hapumui ovyo. Akaibana tena.

"Bado, baba?" mama yake aliuliza kutoka kitandani, shuka limemfika shingoni na jua lote lile.

"Bado kidogo, mama. Unasikia baridi?"

"Kaupepo tu. Nimeshakazoea."

Wakwe walikuwa njiani, wanakuja kuona kijana anayemtaka binti yao anaishi vipi. Sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Kilichobaki ni harufu.

Mama alikuwa na kidonda mguuni. Muuguzi alisema kimeshafunga, lakini muuguzi si yeye anayeoa. Bwana Ngozi aliiamini pua ya mchumba wake. Siku ile alipokuja, binti wa watu hakukaa hata kitako vizuri, akapeleka kitambaa puani.

"Samahani jamani, nini kinanuka?"

Bwana Ngozi, mwanamume mzima na ndevu zake, alielekeza kidevu kwenye mlango wa mama yake. Na mlango wenyewe ulikuwa haujafungika sawasawa.

Sauti ikatoka ndani: "Ni mimi, mkwe wangu. Niwie radhi."

Tangu siku hiyo kidevu kile kilimwasha kama kimeota upele. Alikinyoa. Hakikupoa.

Feni ya kutolea hewa aliiweka yeye mwenyewe, zamani, kidonda kilipokuwa kibichi. Ilikuwa kuukuu, akaipachika juu kwenye ukuta wa upande wa uani, anakofanyia kazi zake za ngozi. Upande wenye wavu unaong'aa aliuelekeza ndani ili chumba kipendeze. Ilizunguka, akapiga makofi, akaondoka.

"Tatizo lako ni hilo," Fundi Feni alimwambia jana, akiongea juu ya geti. Siku hizi rafiki yake huyu alikuwa haingii uani, daima ana haraka. "Feni inatoa harufu nje, na nje ndiko wageni wanakopita. Unataka kuwapulizia wakwe kidonda usoni? Weka kichujio cha mkaa kwa ndani."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kiendane na pumzi ya feni. Kikiwa kinene, feni inakabwa roho. Kikiwa chepesi, harufu inapita huku inakupungia mkono. Ukishakifunga, bandika karatasi laini juu yake. Ikinata yenyewe, hewa inavutwa, umepata kipimo. Ikianguka, punguza mkaa."

"Nipunguze mpaka lini?"

"Mpaka inate! Feni yako ina mapafu ya mtoto, bwana, usiivalishe blanketi."

Basi akatoboa ndoo ya plastiki matundu pande zote, akaweka nyavu mbili, moja ndani ya nyingine, katikati akajaza mkaa uliopondwa na kuoshwa, nje akazungushia shashi. Mara ya kwanza alishindilia mkaa kwa kipimo cha aibu yake, si cha feni. Karatasi ikaanguka. Akapunguza nusu. Ikaanguka. Sasa alibakiza tabaka jembamba, linaloonyesha hadi upande wa pili.

Ikaanguka, tena mbali zaidi.

"Hii feni ina laana," alinong'ona.

"Nimeoga tena asubuhi," mama yake alisema. "Kwa ile sabuni yako ya maua. Wakifika nitajifunika gubigubi, hawatajua kama kuna mtu. Au nikimbize kwa dada yako."

"Mama, acha."

"Nasema tu, baba. Nisikuharibie."

Kidevu kikawasha. Bwana Ngozi alijifanya anatafuta bisibisi ili asigeuke kumtazama. Akakifungua kichujio chote, akakiweka chini. Pengine feni ndiyo mgonjwa. Akaiwasha ikiwa tupu, ikazunguka kwa furaha, akabandika karatasi moja kwa moja kwenye ule wavu unaong'aa.

Karatasi haikuanguka. Iliruka. Ilimpiga usoni, ikaelea juu ya chumba kizima kama inayotafuta pa kukaa, ikatua kwenye shuka la mama yake.

Alibaki juu ya kiti mdomo wazi, na pumzi aliyokuwa ameibana ikamwishia. Ikabidi avute nyingine. Akaivuta kwa kina, kwa mara ya kwanza humo tangu siku ile ya kitambaa, na harufu iliyomjia aliijua kama anavyoijua mikono yake. Akainua macho. Nyuma ya mapanga ya feni, kule uani, mapipa yake ya kulowekea ngozi yalikuwa wazi, yamejaa hadi ukingoni.

Geti likagongwa. Sauti za wageni, vicheko, mtu akikohoa.

Bwana Ngozi alishika bisibisi, akaipeleka kwenye skrubu ya kwanza ya feni.

"Usiigeuze leo, baba," mama yake alisema polepole, akiikunja ile karatasi na kuiweka chini ya mto. "Wakiuliza, elekeza kidevu tu."