Gauni la Sidi

Siku hizo kila vazi jipya lilisema mara moja tu, kwa sauti ya aliyelishona. Mbeyu alipomvika bintiye gauni la harusi, ukosi ulinong'ona: "Naitwa Sidi. Milango ya kiwanda imefungwa kwa kufuli, nasi tumo ndani."

Binti alilivua palepale. "Mama, siolewi nimevaa hili."

Dukani walikuta foleni ya wanawake wanaorudisha magauni. Kisheria, yakirudishwa mia, kiwanda sharti kikaguliwe. Lao lilikuwa la mia na nne.

Binti akaolewa amevaa leso za mamake. Juma lililofuata duka likaleta gauni jingine. "Milango i wazi!" ilisema sauti changa, yenye furaha.

Haikuwa ya Sidi. Mbeyu akaandika barua kumuulizia, na wanawake wote wa foleni wakatia sahihi.